Sauti Zilizojaza Diski

Rumonge, 9 Machi 2003

Mwanangu Feruzi,

Amahoro, amani iwe kwako. Huku tuko wazima, na kama wewe pia uko mzima huko Liège kwenye baridi yako, basi tumshukuru Mungu pamoja. Bibi yako Chausiku anakula vizuri, analala vizuri, na anagombana na majirani vizuri zaidi. Baba yako Amissi bado anapeleka mawese kutoka Minago, siku ambazo barabara inakubali. Wiki iliyopita haikukubali. Milio ya risasi ilisikika milimani siku mbili, tukafunga milango, halafu tukafungua, na ndagala, dagaa zetu, zikaanikwa kama kawaida. Wote wanauliza utakuja lini.

Sasa sikia. Shangazi yako amepata kazi, na tangu niipate nacheka peke yangu njiani mpaka watu wananigeukia. Unajua bandari ilipofungwa nilibaki na ukatibu wangu mikononi, najua kupiga chapa lakini sina cha kupiga. Basi limekuja shirika linalosaidia watu waliopotezana kwenye vita. Mtu anakuja kwangu, anakaa mbele ya kipaza sauti, anasema jina lake, kwao, na anamtafuta nani. Sauti inaingia kwenye kompyuta, inapanda kwenye sahani ya satelaiti iliyo juu ya bati, inakwenda kukaa kwenye mashine ya kupanga huko huko Ulaya. Kusini kwetu, kwenye mwambao huu huu wa ziwa, Kigoma ya Tanzania, kuna bwana mmoja anaitwa Uledi. Anazichukua sauti zetu na kuwasikilizisha wakimbizi kambini, nao wakijibu anatuletea majibu kwa njia ile ile.

Mkuu wetu wa Bujumbura, Hyacinthe, ameichagua kampuni inayopangisha mashine hizo kwa sababu alisikia mtoto wetu anafanya kazi humo. Amenipa karatasi nichague diski. Moja kubwa na nzito, au mbili ndogo zilizo pacha? Na mfumo wa faili upi? Nilimwambia nitafikiri. Kumbe maana yake nitakuandikia wewe.

Nijibu kwa barua, si kwa mtandao. Ujumbe wote wa mtandao Hyacinthe anausoma, na sitaki ajue kwamba katibu wake hajui diski ni nini. Tena ametuonya: mashine ni ya watu wanaotafutana, si ya salamu za wafanyakazi.

Shangazi yako anayekupenda,
Kadidja


Liège, 2 Aprili 2003

Shangazi yangu,

Barua yako nimeisoma kwenye basi nikapitiliza kituo changu. Nisalimie Bibi, mwambie nakula. Nisalimie Baba. Baridi imepungua kidogo.

Kwanza, hongera. Pili, usiogope diski. Ni mahali pa kuwekea vitu, basi. Hiyo mashine yenu hutaiona kamwe, wala Hyacinthe hataiona. Iko kwenye chumba chetu na mamia ya nyingine, na mpangaji anajua tu kwamba akigonga inafungua. Lakini diski inaweza kufa siku yoyote bila kuumwa. Ndiyo maana nimekuchagulia zile mbili pacha. Kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye nyingine. Moja ikifa, mwenzake anaendelea na kazi, wala hamtajua.

Mfumo wa faili ndio utaratibu wa kupanga vitu humo ndani. Unix, ndiyo inayoiendesha mashine yenu, inakupa mingi. Nimekuwekea mmoja unaoitwa ext3. Huu, kabla ya kufanya jambo, unaandika pembeni kwamba nataka kufanya jambo hili. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiamka inasoma ilikuwa inataka nini, inamalizia. Mifumo ya zamani ilikuwa inaamka na kupekua diski nzima, asubuhi mpaka mchana.

Jambo moja tu. Siku ya kuutengeneza mfumo huo unaamua tangu mwanzo diski itaweza kushika faili ngapi, kubwa kwa ndogo. Kila faili inadai nafasi yake kwenye orodha, na nafasi zikiisha haziongezwi. Mimi nimeweka chache, kwa sababu sauti ni faili kubwa na nafasi nyingi zingekula diski bure. Mwambie Hyacinthe umechagua hivyo kwa sababu hizo. Utasikika kama injinia.

Swali la lini nitakuja nitalijibu nikipata muda.

Feruzi wako


Rumonge, 18 Juni 2003

Mwanangu Feruzi,

Bibi yako anakusalimu na amekuandalia sabuni ya mawese, sijui ataituma vipi. Baba yako alikwama Bujumbura siku kadhaa kwa ajili ya mapigano ya Kabezi, amerudi salama, amekonda na ana hadithi nyingi.

Nilimwambia Hyacinthe maneno yako yote, pacha na mambo ya kuandika pembeni. Akasema, "Madame Kadidja, sikujua." Nilimwangalia kama mtu aliyezaliwa na diski mkononi.

Feruzi, kazi hii inanilewesha. Wiki iliyopita alikuja mwanamke wa Gatete, Wema, kwa baiskeli, na mtoto mgongoni. Mume wake Akonkwa ni mvuvi, mtu wa Kivu Kusini aliyehamia kwetu. Siku ya mashambulizi ya mwaka jana, yeye alikuwa ziwani, mke akakimbilia milimani. Hawajaonana tena. Wema alikaa mbele ya kipaza sauti akasahau yote aliyopanga kusema. Mwisho akasema tu, "Akonkwa, mtoto ameota meno." Nilimwambia hiyo inatosha. Sasa anakuja kila mara kuuliza, na nikimwambia bado, anasema asante, anapanda baiskeli yake.

Wengine wanapata majibu. Mzee mmoja wa Minago alisikia sauti ya binti yake akakaa chini sakafuni akicheka, tukashindwa kumwinua kwa sababu na sisi tulikuwa tunacheka.

Sahani inafunguliwa saa moja tu kwa siku, jenereta ikiwaka, na mara nyingi inakatika katikati. Uledi amefikiri njia nzuri. Kila sauti tunaikata vipande vidogo vidogo, kipande kikianguka tunarudia hicho tu. Ni mtu makini sana. Ana duka la kutengeneza redio Ujiji, mke wake alifariki zamani. Ili kujua kama njia inafanya kazi inabidi tutumiane sauti za jaribio. Hizo ni za kiufundi.

Utakuja lini? Bado hujajibu.

Kadidja


Liège, 20 Septemba 2003

Shangazi,

Mko salama? Huku miti imeanza kupukutika. Mwambie Baba nimepokea picha, mwambie Bibi sabuni nitaipata tu. Barua yako ilichukua miezi miwili, naona ilisafiri kwa miguu.

Nina jambo la kazi, nalitia kwenye barua kwa sababu wewe mwenyewe ulisema Hyacinthe anasoma yale mengine.

Diski yenu inakaribia kugoma. Haijajaa: zaidi ya nusu ni tupu. Kinachoisha ni zile nafasi za faili nilizokueleza. Mimi nilidhani mtaweka sauti ndefu chache, nyinyi mmekata kila sauti vipande, na kila kipande kinakula nafasi moja sawasawa na sauti nzima. Picha yake ni nyumba yenye vyumba vitupu ambayo mgeni hawezi kuingia kwa sababu daftari la mapokezi limejaa. Nafasi zikiisha mashine haitapokea sauti mpya. Wala hamtaweza kuchukua zilizomo, maana programu yenu lazima iandike kijifaili chake kabla ya kuwafungulia.

Nimeshaomba diski mpya, na safari hii nitaigawa kwa nafasi nyingi. Lakini Hyacinthe ndiye wa kutia sahihi, na ofisi yake inasema yuko safarini.

Nimetazama nini kinaweza kufutwa kwa sasa. Kuna folda inaitwa "jaribio". Shangazi, theluthi ya vitu vyote imo humo. Mnajaribu njia kila siku, Ijumaa na Jumapili pamoja, na majaribio yanazidi kurefuka. Ya Mei yalikuwa ya nusu dakika. Ya Agosti mengine yanapita robo saa.

Naomba ruhusa niifute. Bila neno lako sitagusa kitu.

Feruzi


Rumonge, 30 Oktoba 2003

Feruzi,

Sote wazima. Bibi mzima, baba yako mzima. Salamu zimekwisha.

Usifute.

Barua yako imefika leo, na mashine imegoma tangu juzi, kama ulivyosema. Usifute hata kipande kimoja cha ile folda, na tafadhali, kwa heshima ya marehemu babu yako, usisikilize. Ni mambo ya kiufundi lakini yana maelezo.

Nikuambie kidogo, halafu usiulize tena. Ilianza kweli kama jaribio. Alisema, "Moja, mbili, tatu, hapa Kigoma." Nikajibu, "Moja, mbili, tatu, hapa Rumonge." Siku nyingine akakohoa katikati ya mbili na tatu, nikamuuliza amekula nini. Ni adabu tu kumuuliza mtu anayekohoa. Akanieleza habari ya kikohozi, nikamweleza tangawizi, na kutoka kwenye tangawizi tukafika mbali. Nina miaka hamsini na mbili, Feruzi. Sura yake sijawahi kuiona.

Siku moja kabla ya mashine kugoma alituma jaribio refu. Nilipata vipande vitatu vya mwanzo, saa ya sahani ikaisha. Kipande cha tatu kinasema, "Kadidja, kuna jambo nataka kukuuliza, nalo si la kazi." Basi. Hapo kinakatika. Kesho yake mlango umefungwa, na swali lenyewe liko huko kwako, ndani ya diski yako, mimi niko huku nasonga ugali na kuuacha uungue.

Kwa hiyo usifute. Subiri diski mpya.

Shangazi yako


Rumonge, 12 Novemba 2003

Mwanangu Feruzi,

Amahoro. Barua hii nimempa Djibril, mtoto wa jirani, anayepanda ndege Ijumaa kwenda kusoma Bruxelles. Itakufikia mapema.

Yale niliyokuandikia mwisho wa Oktoba nayaondoa. Futa ile folda ya jaribio, yote, siku utakayosoma hapa.

Hyacinthe hajarudi. Diski mpya haijulikani. Na watu wanakuja, Feruzi. Wanakuja kutoka Minago, wanapita barabara ile unayoijua, wanafika kwangu na jina la mtoto mdomoni, nami nawaambia mashine imejaa. Wanatazama chumba, kiko kitupu, hawaelewi. Mwanzo nilikuwa nawaambia warudi kesho. Jana alikuja Wema. Nilimwambia mashine imejaa, akasema asante, akapanda baiskeli. Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka akapotea kwenye michikichi, nikajiuliza ni nini kimeijaza mashine hii. Nikapata jibu, nikaingia ndani nikaandika barua hii.

Ni yangu na mimi nimeamua. Usinionee huruma, na usimwambie baba yako.

Kadidja


Liège, 11 Desemba 2003

Shangazi yangu mpendwa,

Natumaini mko wazima wote. Huku theluji imeanguka mara moja ikajuta. Hapa chini nitaandika yaliyotokea kwa mpangilio wake, maana mwenyewe yamenichanganya.

Barua ya Djibril ilinifikia tarehe 18 Novemba. Ulisema unayaondoa uliyoandika Oktoba, lakini barua ya Oktoba mimi sikuwa nimeiona. Nilijua tu kwamba unasema futa. Nikafuta siku hiyo hiyo, mashine ikafunguka, na sauti zilizokuwa zimekwama Kigoma zikaanza kuingia.

Ile ya Oktoba imefika wiki iliyopita. Ina muhuri wa Bujumbura wa mwezi mzima baadaye. Naona ilikaa Kabezi ikisubiri barabara. Nilianza kuisoma nimesimama kwenye ngazi, nikaimaliza nimekaa kwenye ngazi hizo hizo, na majirani wakinipita.

Shangazi, nimejaribu kuirudisha. Pacha hawasaidii kitu hapo. Ukiandika, wanaandika wote wawili. Ukifuta, wanafuta wote wawili, papo hapo. Wanakinga diski kufa, hawamkingi mtu na mkono wake. Ext3 nayo ikifuta faili inafuta hata alama za kuonyesha ilikuwa imelala wapi. Nimepekua siku tatu. Hakuna kitu. Na diski mpya, ile ya nafasi nyingi, Hyacinthe ameitilia sahihi juzi. Ningekuwa na moyo mgumu ningecheka.

Nimeshaiweka. Sasa pacha wapo, na juu yao kuna mashine nyingine ya mbali inayochukua nakala nzima kila siku, ili kosa la leo lisifute ya jana. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Nilimtumia Uledi ujumbe wa kikazi kabisa: "Majaribio yote yamefutwa kabla ya kumfikia mhusika wa Rumonge. Tafadhali rudia la mwisho." Hyacinthe bila shaka ameusoma. Uledi hajajibu. Tangu mwanzo wa mwezi, sauti za Kigoma zinatumwa na mtu mwingine mwenye mkono mzito.

Lakini kuna hili. Sauti ya kwanza iliyoingia mlango ulipofunguka ilikuwa na jina Akonkwa. Nadhani umeshaisikia.

Umeniomba nisisikilize ile folda. Kuhusu jambo hilo, tuongee baridi: huku ni kali sana.

Feruzi


Rumonge, 18 Januari 2004

Feruzi mwanangu,

Amahoro, amahoro, na ya tatu tena. Bibi mzima. Baba yako mzima. Ndagala ni nyingi. Watu wengine wameanza kurudi majumbani tangu wale wakubwa walipotia sahihi mkataba wa amani, ingawa upande wa Kabezi bado hapajatulia. Kaa chini kwanza, si kwenye ngazi.

Akonkwa nilimsikia, naam. Nilimtumia Wema mtu wa pikipiki, akaja amepanda nyuma yake na mtoto, na unga bado mikononi. Nikawasha. Mwanamume akasema jina lake, kambi yake, halafu akasema, "Mangapi?" Wema hakuelewa, nami sikuelewa. Kisha akapiga kelele, "Meno! Anauliza meno mangapi!" Akamfungua mtoto mdomo hapo hapo, tukahesabu wote pamoja, tukatuma idadi.

Baada ya hapo nilishika kazi yangu, na jaribio sikutuma tena hata moja, nisije nikaijaza mashine mara ya pili. Barua yako ya mwisho nilikuwa sijaipata. Nilijua tu folda ni tupu, na kwamba Kigoma sasa anatuma mtu mwingine. Nikajiambia, Uledi ameuliza swali lake, amesubiri, hakujibiwa, ameshika njia yake. Nilikuwa naimba jikoni ili Bibi asiniulize kitu. Aliniuliza mbona naimba vibaya.

Jana Jumamosi foleni ilikuwa ndefu. Boti ya wafanyabiashara ilikuwa imefika asubuhi kutoka Kigoma, imebeba vitenge, mabati na watu kadhaa. Nilikuwa nimeinama kwenye kompyuta, sikumwangalia mtu usoni, nilikuwa nauliza yale ya kila siku. Jina lako? Wa wapi? Unamtafuta nani? Mtu akakaa kwenye kiti. Viatu vyake vilikuwa vimelowa mpaka juu. Nikauliza, jina lako?

Akakohoa.

Feruzi, sikuinua kichwa. Niliangalia vile viatu. Nikauliza, "Wa wapi?" na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya msichana.

Akasema, "Wa Ujiji. Namtafuta Kadidja binti Asmani. Nilimuuliza jambo mwezi wa kumi, nikaambiwa limefutwa. Nimekuja kulirudia."

Ndipo nikamwangalia. Ni mfupi kuliko sauti yake. Ana mvi, ana masikio makubwa, na alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa shuleni. Baadaye alinieleza kwamba ujumbe wako ulipomfika alifunga duka lake la redio na kazi akamwachia mwenzake. Alitafuta boti ya kumchukua kwa siku nyingi, wengine walikuwa wanaogopa doria za majini.

Kwenye foleni watu walikuwa wamesogea kusikiliza. Wema alikuwepo, alikuja kuuliza siku ya boti ya kumrudisha mume wake. Nikatazama kipaza sauti. Nilikuwa sijakiwasha. Basi nikamwambia, kwa sauti ya kikazi, arudie tangu mwanzo, maana haikuingia.

Akarudia tangu mwanzo, jina, Ujiji, yote, na safari hii akaongeza swali lenyewe. Aliniomba nimwoe, Feruzi. Alitaka kusema anioe, ulimi ukateleza, akalirekebisha, akalikosea tena. Watu wote wa foleni wakaanza kusema ndiyo, kila mmoja kwa lugha yake, Kirundi, Kibembe na Kiswahili, na mzee mmoja akasema oui. Hyacinthe naye, aliyekuwa amekuja kukagua kazi, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Akaniuliza kama hii ni salamu ya mfanyakazi. Nikamwambia hapana, huyu ni mtu anamtafuta mtu, na amekaa kwenye foleni kama wengine. Akafikiri, akasema, "Basi iandikishwe."

Kwa hiyo jibu langu nililisema kwenye kipaza sauti, na taa nyekundu imewaka. Nilisema ndiyo, asubiri nimalize foleni.

Akahamisha kiti, akakaa pembeni yangu. Kila aliyekuja alimshikia kipaza sauti, mimi nikauliza majina, mpaka jioni, mpaka mtu wa mwisho. Nikipapasa vibonye vya kompyuta nilikuwa nakosea herufi, na yeye, bila kuniangalia, alikuwa anazitaja polepole.

Ndoa ni baada ya Idi, na Akonkwa ameahidi samaki.

Mimi niliye na furaha mpaka kalamu inaruka mistari,
Shangazi Kadidja